Tembea na watoto kabla hawajakua, Kilimambogo si mbali

Na Daktari Wetu, Ngoliba

Shule zinapokaribia kufungwa mwishoni mwa mwaka, wazazi kutoka Thika, Makongeni na hata Ruiru hufika katika kliniki yangu kuuliza dawa ya kuzuia malaria. Ukiwauliza safari ni ya wapi, watakujibu kwa fahari kwamba mwaka huu, hatimaye, familia inateremka Mombasa. Januari baadhi yao hurudi, na mara hii hawajaja kwa ajili ya mtoto. Kichwa kinauma, usingizi umepotea, moyo unadunda ovyo. Nikipima shinikizo la damu nakuta liko juu, na nikidodosa kidogo nasikia habari za mkopo wa simu, karo ya muhula wa kwanza na kodi ya nyumba, vyote vikingojea mshahara mmoja.

Msomaji mpendwa, simlaumu bahari. Kila mtoto wa Kenya anastahili kuyaonja maji ya chumvi na kusimama chini ya kuta za Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593. Lawama yangu ni kwa ile desturi iliyotuingia sisi watu wa mijini, kwamba likizo ya familia ni Mombasa au si likizo, na kwa hivyo mwaka ambao hakuna pesa za Mombasa watoto hukaa nyumbani wakitazama runinga na simu kutoka asubuhi hadi usiku. Miaka inapita hivyo. Mtoto naye hangoji.

Kuna baba mmoja namtibu, fundi wa magari, ambaye habari zake nimezibadilisha kidogo asitambulike. Tangu kifungua mimba wake alipoingia darasa la kwanza amekuwa akiahidi Mombasa. Nilipompima mara ya mwisho, shinikizo lake lilikuwa 170 kwa 110, nikamshauri achukue siku chache apumzike na familia.

"Daktari, wacha nimalize kwanza kujenga," akanijibu.

"Mzee, kijana wako yuko gredi ya ngapi sasa?"

Alinyamaza kidogo. "Ya tisa."

Sikuwa na haja ya kuongeza neno. Kijana wa gredi ya tisa anakaribia kubeba sanduku lake kwenda shule ya bweni, na akirudi likizoni ana marafiki zake, simu yake na mambo yake. Ukimwambia Jumamosi twende tukatembee, atakuuliza kama ni lazima.

LIKIZO 27

Hebu tufanye hesabu pamoja. Kalenda yetu ya shule ina likizo tatu kwa mwaka: Aprili, Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Mtoto akianza kuweza kutembea safari ya maana akiwa na miaka mitano, na akiendelea kufurahia kuwa na wazazi wake hadi afikishe miaka kumi na minne, hiyo ni miaka tisa. Tisa mara tatu ni 27. Hizo ndizo likizo ulizo nazo na mtoto huyo, na kama una wawili au watatu waliofuatana, likizo ambazo wote wako katika umri unaofaa ni chache kuliko hapo.

Familia inayojinyima miaka saba ili ishuke Pwani mara moja imetumia likizo moja kati ya 27. Je, zile 26 zilienda wapi? Nyingi zilienda kwa masomo ya ziada, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inayakataza masomo ya likizo. Nyingine zilienda mashambani kwa nyanya, na hapo sina ugomvi, kwa sababu mtoto asiyejua kwao ni mtoto maskini. Lakini tusidanganyane. Mama anayefika kwa wakwe na kushika sufuria siku ile ile, akapikia watu ishirini kwa siku tano, hakwenda likizo. Amebadilisha jiko tu.

Na wewe mzazi uliyeajiriwa, unazo siku zako. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku za kazi zisizopungua 21 kila mwaka zenye malipo. Watu wengi huzimaliza kwenye matanga, kwenye foleni za ofisi na kusimamia mafundi wa nyumba.

MOYO WA MZAZI

Wengine watasema daktari ameacha sindano akaingilia utalii. La hasha! Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini ana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawajui. Mwaka wa 2000 watafiti wawili wa Marekani, Brooks Gump na Karen Matthews, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume zaidi ya 12,000 wa umri wa makamo waliokuwa katika hatari ya kuugua moyo. Katika muda wa miaka tisa, waliokuwa wakichukua likizo kila mwaka walikufa wachache kuliko wale waliozikosa.

Nitakuwa mkweli kwako: huenda anayepata likizo kila mwaka ana kazi nzuri na afya nzuri tangu mwanzo, kwa hivyo hatuwezi kusema likizo peke yake ndiyo iliyomwokoa. Hata hivyo utakubali kwamba katika uchunguzi huo hakuna aliyesifiwa kwa kungoja miaka saba. Kilichohesabiwa ni kwenda kila mwaka. Umbali wa safari haukuwa neno.

Kwa upande wa watoto, Shirika la Afya Duniani linataka mwenye umri wa miaka 5 hadi 17 achangamshe mwili angalau dakika 60 kila siku. Mtoto wa ghorofa ya nne mjini Thika, ambaye uwanja wake wa michezo ni ngazi, atazitoa wapi dakika hizo? Halafu kuna macho. Katika mji wa Guangzhou nchini Uchina, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2015 yalionyesha kwamba waliopatwa na tatizo la kutoona mbali walikuwa karibu 30 katika kila 100, na wale ambao hawakuongezewa muda huo walikuwa karibu 40 katika kila 100. Mwangaza wa nje ni dawa ya bure, nasi twawafungia watoto ndani.

CHAGUA KWA MIGUU YA MDOGO

Wazazi wengi huchagua mahali pa kwenda kwa kufuata picha za jirani. Mimi nakushauri uanze na mtoto wako mdogo kuliko wote. Huyo ndiye atakayeamua kama safari itakuwa furaha au adhabu.

Aliye chini ya miaka mitatu hatakumbuka lolote. Kumbukumbu za watu wazima mara chache hurudi nyuma zaidi ya umri wa miaka mitatu au minne. Kumpeleka mtoto wa mwaka mmoja na nusu kilomita 480 hadi Mombasa kwa barabara, saa nane au tisa garini, ni kujifurahisha wewe mwenyewe. Si dhambi, lakini usiseme ni kwa ajili yake. Kutoka miaka minne au mitano ndipo mambo huanza kushika. Huyo anataka maji, wanyama, mawe ya kupanda na mzazi wa kujibu maswali. Hajui bei ya hoteli na haimhusu. Anayezidi miaka tisa anataka kazi: mpe ramani, mpe mkoba wa chakula, mwache aongoze njia.

Safari yenyewe pia ni ugonjwa kwa wengine. Kichefuchefu cha garini huwasumbua zaidi watoto kati ya miaka miwili na kumi na miwili. Mtoto wa namna hiyo mpe chakula chepesi kabla ya kuondoka, mkalishe mahali atakapoona barabara mbele, mkataze kutazama simu, na simamisheni gari kila baada ya saa mbili. Kwa safari ya saa moja huhitaji dawa. Hiyo ni sababu nyingine ya kupenda mahali pa karibu.

Na karibu ni wapi? Ukitoka Thika kwa barabara ya Garissa, ukayaacha nyuma mashamba ya mananasi, upande wako wa kulia unasimama mlima peke yake katika tambarare. Huo ndio Kilimambogo, ambao ramani huuita Ol Donyo Sabuk. Sisi wa Ngoliba huuona kila asubuhi tukipiga mswaki. Nimewauliza watoto wengi wanaokuja kliniki kama wamewahi kuupanda, na jibu karibu kila mara ni hapana. Kuna watoto hapa ambao wameiona bahari na hawajauona mlima wao.

Kilele chake ni kama mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Mbuga yenyewe, iliyotengwa mwaka wa 1967, ni ndogo, kama kilomita 20 za mraba, na ni msitu mtupu isipokuwa kule juu. Jina la Kimaasai maana yake ni mlima mkubwa. Wakikuyu huuita Kianjahi, na katika mila zao ni mmoja wa milima ya Ngai. Jina letu la Kiswahili linataja mbogo, na mbogo wenyewe wangali humo. Kwa sababu hiyo hairuhusiwi kutembea kwa miguu bila askari wa Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, mwenye bunduki. Watoto wa kiume hufurahia bunduki kuliko mlima, lakini hilo ni jambo lao.

Barabara ya kwenda juu ni kama kilomita tisa. Usimtarajie mtoto wa miaka sita aipande na kuishuka yote. Akitembea kilomita mbili au tatu, akamwona mbega mweusi na mweupe akiruka juu ya miti, amepata siku yake. Familia yenye gari lenye nguvu inaweza kufika karibu na kilele bila kutembea, na hii ni habari njema kwa mwenye mtoto mlemavu, au nyanya mwenye magoti mabovu ambaye hafai kuachwa nyumbani. Wakati wa mvua gari dogo litakwama. Siku ya anga safi huko juu utaionyesha familia Mlima Kenya upande mmoja na, ukibahatika, Kilimanjaro upande mwingine.

Njiani kuna kaburi la William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1925, ndiye ambaye jina lake liko kwenye maktaba ya McMillan jijini Nairobi iliyofunguliwa mwaka wa 1931. Alikuwa mtu mnene mno. Inasimuliwa kwamba alitaka azikwe kileleni, lakini waliobeba jeneza walishindwa njiani na wakamzika hapo waliposhindwa. Wasimulie watoto hadithi hiyo wakiwa wamechoka, utaona miguu inapata nguvu tena.

MTO ATHI SI BWAWA LA KUOGELEA

Chini ya mlima, karibu na njia hiyo hiyo, kuna Maporomoko Kumi na Manne ya mto Athi. Ni mahali pazuri sana kutazama, hasa mvua ikiwa imenyesha, na nawashauri muende. Lakini hapa nitasema kwa sauti ya daktari, si ya mtalii: mtoto asiingie majini.

Mto Nairobi, pamoja na kila kitu ambacho jiji limeutupia, huingia katika Athi kabla ya maji hayo kufika kwenye maporomoko. Povu jeupe unaloliona siku nyingine si la sabuni ya watalii. Maji hayo akiyameza mtoto, tegemea kuhara. Aidha kuna kichocho, ugonjwa unaojulikana sana katika maeneo haya ya Thika Mashariki, Yatta na Machakos. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi bila kuacha jeraha. Mtoto hucheza kwa raha, na miezi baadaye anaanza kulalamika tumbo, kinyesi kina damu, na hakuna anayekumbuka ile siku ya kuogelea. Tena utawaona vijana wakiruka kutoka juu ya miamba ili wapewe pesa. Usiwape. Wako waliokufa maji katika mto huu, na mtoto wako anayetazama atataka kujaribu.

Ikiwa tayari mtoto ameshaingia, usikimbie kliniki kesho yake. Mayai ya kichocho hayaonekani mapema hivyo. Mlete baada ya wiki sita hadi nane, tupime choo na mkojo. Dawa ya praziquantel ipo, humezwa mara moja kwa kipimo cha uzito wake, na hupona.

Wanaotaka kuona maporomoko bila vumbi la barabara ya Garissa wanayo ya Chania na Thika pale mjini, kwenye hoteli ya Blue Posts iliyoanzishwa mwaka wa 1908. Wengi wetu twapita juu ya daraja kila siku tukikimbilia Nairobi wala hatugeuzi shingo. Kwa familia za Ruiru, Barabara Kuu ya Thika iliyozinduliwa mwaka wa 2012 imeileta Mbuga ya Nairobi karibu pia. Ndiyo mbuga ya kwanza nchini, ya mwaka wa 1946, ambamo mtoto anamwona kifaru huku ghorofa za jiji zikionekana nyuma yake.

Hell's Gate karibu na Naivasha ninaipenda kwa watoto wanaozidi miaka kumi, kwa kuwa humo mtu huruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia. Lakini kaeni mbali na korongo lake wakati wa mvua. Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walisombwa na mafuriko humo, na Septemba 2019 watu saba wengine wakafa vivyo hivyo. Maji huja kutoka mvua iliyonyesha mbali, juu yako kukiwa na jua. Mtembezaji akikuambia leo hakuna kushuka, usimhonge.

UKIENDA PWANI

Najua baada ya haya yote wapo watakaokwenda Mombasa, na ni haki yao. Treni imerahisisha mambo tangu 2017. Ni saa tano au sita hivi kutoka Nairobi, na mtoto anaweza kusimama, kutembea na kwenda msalani. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa hadi Sh1,500, maana yake watu wazima wawili kwenda na kurudi ni Sh6,000 kabla hujamhesabu mtoto wala chumba cha kulala. Kama pesa hizo ni zako, nenda. Kama ni za mkopo wa simu, tayari nimekueleza tutakavyokutana Januari.

Kuhusu malaria, kumbuka kwamba mtoto aliyelelewa Thika, Ruiru au Nairobi hana kinga ya mtoto wa Kilifi au Kwale, wala wa Kisumu. Huyo wa kule anaweza kuumwa siku mbili akainuka. Wako anaweza kuzidiwa usiku mmoja. Njoo kwa daktari wiki mbili kabla ya kusafiri, si asubuhi ya treni. Dawa za kuzuia zipo, lakini hazifanani. Doxycycline, kwa mfano, kwa kawaida hatuwapi walio chini ya miaka minane. Usigawanye kidonge chako ukampa. Alale ndani ya chandarua, avae mikono mirefu jioni. Mchana pia kuna mbu mwingine, yule wa homa ya dengue, ambayo imezuka Mombasa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo mtoto akipata homa akiwa Pwani mpe paracetamol tu, usimpe aspirini wala ibuprofen, na apimwe siku hiyo hiyo.

Mtoto akipata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi nyumbani, neno la kwanza utakalomwambia muuguzi liwe kwamba alikuwa Pwani au Ziwani. Huku kwetu juu malaria ni nadra, na muuguzi asiyeambiwa anaweza kumtibu mafua huku malaria ikipanda kichwani.

Mkoba wa safari, iwe ya saa moja au ya siku tano, hauhitaji maajabu. Maji ya kunywa ya kutosha, kwa sababu juu ya Kilimambogo hakuna duka. Pakiti mbili tatu za ORS, ambazo utachanganya kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Paracetamol, plasta, kofia, sweta. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta hata kama hajaugua mwaka mzima. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipigwe na baridi wala kukaa na kiu, na kabla ya kumpandisha mlimani ongea na daktari wake. Mtoto mwenye ualbino apakwe mafuta ya kuzuia jua na avae mikono mirefu. Chakula bebeni cha nyumbani: mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi. Nyama iliyopikwa usiku ikashinda garini ndiyo iliyonijazia kliniki Jumatatu nyingi. Na mikanda ya gari ifungwe na wote, hata kwa safari ya kutoka Ngoliba hadi Donyo. Mtoto aliyepakatwa kiti cha mbele ndiye wa kwanza kupita kwenye kioo.

Wengi hunieleza kwamba mahali pa karibu hapana heshima, watoto wataenda shuleni waseme nini? Nimewasikiliza watoto wakisimulia mambo yao nikiwa nawapima koo. Mmoja aliyekwenda mbali alinisimulia habari za dansi ya hotelini na jinsi baba alivyokuwa kwenye simu. Mwingine, ambaye hakuvuka Donyo, alinieleza kwa dakika kumi jinsi baba yake alivyoteleza akaanguka kwenye matope na nyani akaiba chapati yao. Mama yake alikuwa akicheka mpaka anajifuta machozi. Sikuuliza ni yupi aliyetumia pesa nyingi.

Kwa wanaotaka kujaribu, geuka kulia kutoka barabara ya Garissa pale Kilimambogo, pita daraja la Athi hadi mji mdogo wa Donyo Sabuk. Lango la mbuga halizidi kilomita chache kutoka hapo, na wasio na gari watapata matatu kutoka Thika na bodaboda kumalizia. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Hawapokei pesa taslimu, kwa hivyo lipa kwa simu kupitia eCitizen, na ubebe kitambulisho ili utozwe ada ya raia. Mwombe askari mapema kama mnataka kutembea. Agosti nendeni mkijua kwamba huenda ukungu ukafunika kilele siku nzima na baridi ikawa kali. Mvua za Novemba zikishakatika, katikati ya Desemba hadi Februari, anga husafika, lakini mawingu huufunika Mlima Kenya kabla ya saa nne asubuhi, kwa hivyo ondokeni Thika gizagiza.